Nani Aliagwa?

Mimi simwamini mtu mwenye mifuko mitupu. Nimefanya kazi ya udobi tangu usichana wangu, na kabla ya kutia nguo ya mtu majini lazima niipekue: mfuko wa mbele, wa nyuma, na ule mdogo wa ndani ambao wanaume hudhani hatuujui. Mtu wa kawaida hukosi kumkuta na kitu. Kijiti cha meno, tiketi, peremende iliyogandana na karatasi yake. Mfuko ukiwa safi kabisa, ujue mwenyewe kajipekua kwanza, na anayejipekua kwanza ana jambo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi madobi hilo tunalijua kwa vidole.

Kwa hiyo siku niliyokuta mifuko ya sare ya shule ya Wakili imekung'utwa mpaka vumbi la kwenye mshono, nilijua kuna jambo.

Wakili ni binti wa marehemu dada yangu. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu ya maswali. Ukimwambia akalale, anauliza nani kaamua. Mdogo wake tunamwita Mkia, maana popote Wakili alipo, na yeye yuko nyuma yake. Baba yao tulimjua kwa simu tu, na namba yenyewe ilishabadilika. Dada alipofariki niliwachukua wote wawili, tukabanana kwenye chumba na sebule yangu, nyuma ya duka la kufulia ninapofanya kazi.

Habari niliwapa mimi. Njia nzima kutoka hospitali nilikuwa napanga maneno. "Kufa" nililiona ni neno la kuku na mende, si la dada yangu. Nikapiga magoti mbele yao nikasema, "Mama yenu ameaga dunia." Mkia alinitazama mimi, kisha akamtazama dada yake aone kama hilo ni la kulia. Wakili hakulia. Aliuliza, "Lini?" Nikasema mchana. Akasema, "Aha," akaenda kunawa mikono.

Siku ya mazishi tuliwaacha kwa jirani, mbele ya katuni. Wazee waliona hivyo ndiyo bora, nami nikaona wazee wana akili. Watoto waliporudi walikuta viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari. Mkia akaniuliza Marehemu ni nani, maana kila mtu anamtaja, na mbona kwenye picha amevaa gauni la mama. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi nikasema, "Nenda ukacheze."

Waombolezaji walimsifu Wakili. Mtoto jasiri huyu, mtoto kajikaza, ana moyo wa mtu mzima. Mimi sikumsifu. Mtoto asiyemlilia mama yake, machozi kayaweka wapi? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja.

Halafu akaanza kunipekua. Nilimfumania sebuleni, mkono wake mzima umezama kwenye mkoba wangu.

"Unatafuta nini?"

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Kama hakipo, hakipo," akasema, akaufunga zipu vizuri na kuurudisha msumarini. Nikauhakiki. Hakuna kilichopungua, hata shilingi. Hapo ndipo nilipozidi kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu mwizi anayeiba nitamshika, lakini mwizi asiyeiba unamfanyaje? Kesho yake nikakuta droo yangu imepangwa upya, tena vizuri kuliko nilivyoipanga mimi. Aliacha kuniita mama mdogo. Akitaka chumvi alisema, "Naomba chumvi," hewani, kama vile chumvi inaombwa kwa ukuta.

Iliniuma, sitaki kusema uongo. Nilikuwa nimeshampoteza dada yangu, na sasa nilikuwa nampoteza mwanawe akiwa ndani ya nyumba yangu, anakula kwenye sahani yangu.

Basi na mimi nikampekua. Kila nilipozichukua sare zake nilianza na mifuko. Mara ya kwanza ilikuwa mitupu, kama nilivyosema. Baadaye akajisahau. Nikakuta kipande cha chaki. Nikakuta ushanga mmoja wa kusukia nywele, mwekundu, na nywele zake mimi ndiye ninayezisuka, bila ushanga. Nikavirudisha nilipovikuta, nikajitia hamnazo. Kisha siku moja nikatoa kipande cha ngozi kilichokatwa ovyo, na kilipofika puani nikakaa chini. Kilikuwa kinanuka gundi ya viatu.

Nikamwita mwenzangu wa kwenye meza ya kupigia pasi. Sisi tunamwita Pasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Gundi," alisema. "Hii ndiyo ile wanavuta vijana pale nyuma ya stendi. Wanaanza hivihivi, kidogo kidogo."

"Mtoto wa miaka tisa?"

"Shoga, mimi sisemi. Ila nimewaona. Wakitoka shule hawaji moja kwa moja. Wanasimama kwa Kisigino."

Kisigino ni fundi viatu wa pale kona, chini ya mwavuli wenye tangazo la sabuni. Ni mwanamume wa makamo, anaishi peke yake, na hana mteja asiye na utani naye. Mimi sijawahi kumpenda. Mtu anayecheka na kila mtu, moyoni anamcheka nani? Na sasa hapo kichwani mwangu kila kitu kikajipanga: ukimya, mifuko iliyokung'utwa, kuchelewa kurudi, kunikwepa macho. Nilimwona Kisigino na kopo lake, nikawaona watoto wa dada yangu wameinama juu ya kopo hilo. Usiku ule sikula.

Kesho yake, wakati wa shule kutoka, nikamwachia Pasi duka, nikaenda kujibanza nyuma ya kibanda cha vocha mkabala na ule mwavuli. Mwenye kibanda akauliza nahitaji ya kiasi gani. Nikamwambia anyamaze.

Walikuja. Wakili mbele, Mkia nyuma, begi la Mkia linakaribia kugusa chini. Wakatangulia kusalimia, shikamoo fundi, marahaba wanangu. Wakili akaweka mikono nyuma akasimama wima mbele ya benchi. Alikuwa anasema jambo. Kisigino akaacha nyundo, akasikiliza, akajikuna shingo. Kisha akainama kwenye sanduku lake, akatoa kitu akampa mtoto mkononi.

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nakumbuka honi.

"Toa!" nikasema. "Toa ulichompa, mbele za watu wote hawa! Unawapa watoto yatima gundi, hata Mungu humwogopi?"

Kisigino alinyanyuka, viatu vya watu vikamwagika kutoka mapajani mwake. "Gundi? Gundi ya nini, dada?"

"Usiniite dada. Ningekuwa dada yako ningekufua wewe kwanza."

Watu walishaanza kujaa. Wakili hakukimbia. Alifungua kiganja, akanionyesha mwenyewe: kisigino cha kiatu cha kike, cha mpira mweusi, kimelika upande mmoja. Upande wa nje. Nikakijua. Dada yangu alikuwa anatembea hivyo, anakanyagia nje, mama yetu alishamkemea mpaka akachoka.

"Ni cha kiatu cha marehemu," Kisigino akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Aliniachia viatu asubuhi ile anakwenda hospitali. Nimevitengeneza, viko hapa, nilikuwa naona haya kuvileta kwako. Huyu mtoto kaja mara tatu kuniomba. Siwezi kumpa mtoto viatu vya marehemu bila mkubwa wake kujua. Nikampa vipande vilivyotoka."

"Na kwa nini aje kwako?"

"Anakuja kuuliza swali."

"Swali gani?"

Kisigino alimtazama Wakili, kama mtu anayeomba ruhusa. "Anauliza kama mama yake aliniaga."

Sikuelewa. Nilimwomba arudie.

"Kwamba siku ile, mama yake aliniaga? Nikamwambia ndiyo, mbona aliniaga vizuri tu. Alisema, 'Haya fundi, kwaheri, nitapitia kesho.' Ndivyo alivyosema. Nilisema kosa?"

Hapo Wakili akapasuka. Mtoto ambaye tangu msiba hakuwa amepandisha sauti, aliipandisha pale, katikati ya kona, mbele ya mwenye vocha na kila mpita njia.

"Aliagwa fundi viatu!" alipiga kelele. "Wewe ulisema mama ameaga dunia. Mwalimu mkuu pia alisema, mstarini, ameaga dunia. Dunia ni watu wote! Nikamuuliza mwalimu kama aliagwa, akanipa chaki akaniambia nikachore. Nikamuuliza wa saluni, akanipa ushanga. Fundi ndiye aliyekubali. Ameaga dunia nzima na fundi viatu, sisi hakutuaga. Na wewe ulikuwepo kule hospitali. Wewe uliagwa! Ametuachia kitu na wewe unakificha!"

Mkia, aliyekuwa ameshika mkanda wa begi la dada yake, akaongeza taratibu, "Tumetafuta kwenye droo."

Kumbe nilikuwa nimejificha nyuma ya kibanda kumpeleleza mtu ambaye alikuwa ananipeleleza mimi. Na ushahidi wake ulikuwa bora kuliko wangu, kwa kuwa ulikuwa umetoka kinywani mwangu mwenyewe.

Nikachukua vile viatu, nikamwambia Kisigino tutaongea. Akasema, "Gundi yangu naifunga kwa kifuniko, dada." Alistahili kusema hivyo. Nikawapeleka watoto dukani, chumba cha nyuma, kule tunakotenga mashuka ya nyumba za wageni kabla ya kufuliwa. Pasi alitaka kuingia kusikiliza. Nikamfungia mlango, akabaki nje anawaambia wateja mashine imeharibika.

Tukakaa juu ya rundo la mashuka. Wakili alikaa mbali nami kadiri rundo lilivyoruhusu.

"Uliza," nikamwambia.

Alinitazama kwa kutoniamini. "Utajibu kweli?"

"Nitajibu kweli."

"Mama alikuaga?"

"Hapana."

"Muongo."

"Hakuniaga. Nilikuwa nje." Na hili sikuwa nimemwambia mtu, hata wazee. Waliponiuliza kama alikwenda kwa amani, niliitikia kwa kichwa. "Alisema joto limemzidi. Nikachukua taulo niende kulilowesha bombani, huko mwisho wa varanda. Niliporudi, nesi alikuwa ameshasimama pale, akanishika bega. Mama yenu alikuwa amekufa."

Neno lilitoka. Lilikaa pale kati yetu na mashuka machafu, na paa halikuanguka.

"Kufa kama kuku?" aliuliza Mkia.

"Kama kila chenye uhai. Moyo wake ulikuwa unaumwa, ukasimama. Sasa hapumui. Hasikii baridi, hasikii maumivu, hasikii njaa. Mwili wake tumeuzika kaburini."

"Ndiye Marehemu?"

"Ndiye. Marehemu ni mtu aliyekufa. Si jina lake. Jina lake ni lilelile, na ni mama yenu vilevile."

"Na hatarudi, hata tukikaa vizuri?"

"Hata tukikaa vizuri, Mkia. Hatarudi."

Mkia akaanza kulia, kwa sauti, bila kumtazama dada yake kwanza. Nikamvuta mapajani. Wakili alikuwa bado hajamaliza na shahidi wake.

"Kwa nini ulisema ameaga?"

"Ndivyo watu wakubwa wanavyosema. Wanaogopa lile neno lingine. Hata mimi nililiogopa. Lakini mama yako hakuiaga dunia, wala hakumwaga mtu. Kisigino aliambiwa kwaheri ya kawaida, ya kesho tutaonana. Mama yako alidhani atarudi kuchukua viatu."

"Alisema nini, kabla hujatoka na taulo?"

Nilikuwa najua kwamba ataliuliza hilo. Nilikuwa nimelificha, kweli, lakini si kwa sababu aliyoidhani. Nilililinda kwa sababu ni dogo mno. Ukimpoteza dada unataka angalau akuachie neno la kuandikwa ukutani, na mimi nilichoachiwa kilinitia aibu.

"Alisema, 'Dobi, usilikamue sana.'"

"Taulo?"

"Taulo. Unajua alivyokuwa ananitania. Kwamba mimi nikikamua kitu nakitoa roho, kwamba nguo zake zikitoka kwangu zinamtoshea Mkia. Akasema hivyo, akageukia ukutani. Ndiyo hayo tu. Sina kingine, Wakili. Pekua popote, sina."

Alitafakari. Aliangalia mikono yangu, hii iliyojaa sugu, kama vile taulo bado limo ndani yake. Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na ujanja wangu wote wa mifuko, sikuliona linakuja.

"Hakusema kuhusu kamba?"

"Kamba gani?"

"Za viatu." Sauti yake ilikuwa imepungua mpaka ikabidi niiname. "Asubuhi ile tunakwenda shule. Sisi tulimuaga, tulisema mama tunaenda. Akasema, 'Wakili, mfunge mwenzio kamba.' Nikasema nimeshamfunga. Nilikuwa sijamfunga. Tulikuwa tunachelewa. Akachungulia dirishani. Nadhani aliona. Ndiyo maana akaaga wengine."

Kumbe mtoto alikuwa anazunguka mtaa mzima, kwa mwalimu, kwa msusi, kwa fundi, si kuuliza mama yake alimwaga nani. Alikuwa anauliza kama mama yake aliondoka amemkasirikia. Na kila alipojibiwa kwa chaki na ushanga, alihesabu kwamba jibu ni ndiyo.

"Nisikilize," nikamwambia. "Hakusema lolote kuhusu kamba. Alilala pale hospitali tangu asubuhi mpaka kesho yake mchana, tukaongea mengi, na kamba hakuzitaja. Angekuwa amekasirika ningejua, mimi nilikasirikiwa naye tangu tuko wadogo. Na kamba za viatu haziui mtu. Uongo mdogo wa asubuhi hauui mtu. Ungezifunga, usingezifunga, moyo wake ungesimama vilevile. Si wewe."

"Si mimi?"

"Si wewe."

"Una hakika, au unasema tu?"

"Nina hakika."

Alinichunguza uso mzima, jicho moja kisha jingine, kwa muda mrefu kuliko ambavyo mtu mzima yeyote amewahi kunichunguza. Sikukwepesha macho. Halafu mdomo wake ukapinda, na yale machozi niliyokuwa nayatafuta mifukoni yakaja yote kwa pamoja. Alinijia kichwa mbele akanigonga kidevu. Tulilia watatu juu ya mashuka ya watu. Na mimi nilimlilia dada yangu pale kwa mara ya kwanza, kwa sababu hata mimi nilikuwa namnung'unikia moyoni: ningekuwa na wewe mpaka mwisho, ulishindwaje kuningoja kidogo? Pasi akagonga kuuliza kama kuna mtu ameumia. Nikamwambia ndiyo, aendelee kufukuza wateja.

Jumapili nikawapeleka kaburini. Wazee walinuna kidogo. Wakili aliuliza maswali yote, hata yale ambayo jirani aliyetusindikiza alitaka kuyazima, nami nikayajibu niliyoyaweza, na nisiyoyaweza nikasema siyajui. Viatu viko kwenye kabati, chini. Mkia huvivaa akatembea navyo sebuleni, na sijamkataza.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa natangulia kutoka, kuna mzigo wa mashuka ulikuwa unaletwa mapema. Nikafika mlangoni, nikakwama. Ningesema kwaheri? Kisigino aliambiwa kwaheri na nitapitia kesho, na kesho haikufika. Ningetoka kimya? Kimya ndicho kilichotufikisha pale. Watoto walikuwa wanakunywa chai, wameacha kunywa, wananitazama. Nikaona Wakili ananing'amua.

Akainuka. Akaja mpaka mlangoni, akatia mkono kwenye mfuko wangu wa kulia wa aproni, akapekua. Akatia wa kushoto. Alitoa pini moja na kitambaa, akavitazama, akavirudisha. Akaridhika, au nusu yake, maana huyu mtoto haridhiki kamili.

"Mama mdogo," akasema.

"Naam."

"Usiyakamue sana."

Nikasema sawa, sitayakamua sana. Akarudi mezani kumalizia chai yake, nami nikaenda kazini.